Jalala na Tarikhi

Kilwa ina kitabu chake. Kitab al-Sulwa ni tarikhi ya masultani wa Kilwa Kisiwani. Nakala ya Kiarabu tuliyo nayo ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, na zaidi ya miaka 300 kabla yake, mwaka 1552, Mreno João de Barros alikuwa ameshachapisha kwa Kireno habari zinazofanana nazo. Humo utasoma nani alimrithi nani, nani alipinduliwa, na jinsi mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Uajemi, alivyokinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Hutasoma mtu wa kawaida alikula nini, alichota maji wapi, wala nani alifagia uwanja.

Wanaakiolojia wanaochimba miji wanasema majibu hayo yamo ardhini: kwenye majalala, vyoo, sakafu na nyua. Wapo wanaolikataa dai hilo, na sababu zao si nyepesi. Ubishi huo nimeugawa kwa sauti tatu. Mwalimu ni mzee mstaafu aliyefundisha historia maisha yake yote. Mtafiti ni binti aliyesomea akiolojia, na kazi yake ni kufukua. Bibi ni mwenyeji wa Kilwa, na kila msimu wa uchimbaji ndiye anayewapikia wachimbaji. Sauti nimezitunga, mambo yanayobishaniwa ni ya kweli, na nikiwa na la kusema nitaingia kati.

MWALIMU: Mwanangu, mimi siudharau udongo. Ninachokataa ni kuufanya shahidi. Kigae hakisemi, anayesema ni aliyekiokota. James Kirkman alichimba Gedi, karibu na Malindi, kuanzia 1948 hadi 1958, akaona mji wa Waarabu. Neville Chittick akachimba Kilwa miaka ya 1960, naye akaona wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Wakaja kina Felix Chami, Chapurukha Kusimba na George Abungu, wakaisoma pwani ileile, wakaona miji ya Kiafrika. Shahidi gani huyu anayebadili maneno kila akibadilishiwa hakimu?

MTAFITI: Shikamoo, Mwalimu, na uniwie radhi kwa kukupinga. Ardhi haikubadili maneno. Waliotangulia walichimba msikiti wa Ijumaa, jumba la mfalme na nyumba za matajiri, basi wakawakuta matajiri. Tazama majina ya nyumba za Gedi mpaka leo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Fedha za China. Kila nyumba ilipewa jina la kitu cha kuvutia kilichookotwa humo. Umri wa mji ukapimwa kwa vipande vya vyombo vya China na Uajemi, ilhali vigae vingi kupita vyote ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa pwani. Vyungu hivyo vilipoanza kusomwa kwa makini, mji ukaonekana mwingine. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa katika miaka ya 1980, akakuta msikiti chini ya msikiti, mpaka akafikia alama za nguzo za kijumba cha miti cha karne ya 8. Angekomea kwenye sakafu ya mawe, tungeendelea kuamini kwamba mji uliletwa na jahazi ukiwa umekamilika.

BIBI: Nyie mnashindana nani alijenga. Mbona hamuulizi nani alikaa? Hebu nipe hicho kigae, mjukuu wangu.

Ni kipande cha mdomo wa chungu, kipana kama kiganja, cheusi kwa nje na hudhurungi kwa ndani. Bibi anakielekeza kwenye mwanga, anapitisha kidole gumba ukingoni, anakigeuza tena.

BIBI: Masizi yanaishia hapa, vidole viwili chini ya mdomo. Kilikaa juu ya mafiga, moto ukakishika tumboni, huku juu haukufika. Na ndani mmeiona hii mikwaruzo? Mtu alikuwa akikisugua kwa mchanga na kumbi la nazi. Cha maji hakiwi na mdomo mpana hivi. Hiki kilikuwa cha mchuzi, na mwenyewe alikitunza.

MWALIMU: Hayo umeyaleta wewe, Bibi. Hayakutoka kwenye kigae.

BIBI: Masizi nimeyaleta mimi?

Naingia kati, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo. Maabara za leo zinaweza kutoa mafuta yaliyozama ndani ya kuta za chungu na kueleza kama yalitoka kwa samaki au kwa mnyama wa malisho. Lakini nani ataiambia maabara ichunguze chungu kipi, na sehemu gani ya chungu? Mtu aliyepika juu ya mafiga miaka 50 anaona alama ambazo msomi aliyekulia kwenye jiko la gesi anazipita. Ningependa kumwona Bibi akikaa kwenye meza ya kuchambulia vigae, si jikoni peke yake, na alipwe kama mtaalamu. Hata hivyo Mwalimu ana haki ya kuonya. Mchuzi wa Bibi una pilipili, na pembeni yake pana ugali wa mahindi au muhogo. Vyote vitatu asili yake ni Amerika, vilifika pwani yetu baada ya Wareno. Aliyepikia chungu kile karne ya 14 hakuvijua. Mkono unaosugua unafanana, ila kilichomo chunguni kilikuwa kingine.

MWALIMU: Ndiyo maana nasema turudi kwenye maandishi. Maandishi yana tarehe na yana jina.

MTAFITI: Na mji usioandikwa tuufanyeje, Mwalimu? Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno wakakaa hapo karibu karne nzima. Gedi iko mwendo wa kilomita 16 hivi, ina msikiti mkubwa, ina jumba, ina ukuta unaozunguka ekari 45, ina kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Katika maandishi yao yote Wareno hawakuitaja hata mara moja. Ungetegemea karatasi peke yake, watu wale wote wangekuwa hawakuishi.

MWALIMU: Gedi nakubali. Kilwa je?

MTAFITI: Kwa Kilwa nitakupeleka kisiwa cha jirani, Songo Mnara. Mji ule ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, na mwanzoni mwa karne ya 16 watu wakauhama. Kwa kuwa maisha yake yalikuwa mafupi, haukurundikana tabaka juu ya tabaka. Mambo mengi yamekutwa karibu na pale yalipoachwa. Tangu 2009 Stephanie Wynne-Jones, Jeffrey Fleisher na wenzao wamechimba huko chumba kwa chumba, na pamoja na kuokota vitu wakachukua udongo wenyewe wa sakafuni. Mtu akifagia, makapi makubwa hutoka nje. Vumbi laini hubaki likikanyagwa mpaka likawa sehemu ya sakafu. Ndani ya vumbi hilo mna fosforasi ya mabaki ya chakula, mna majivu, mna chembe za mimea ambazo haziozi hata jani likioza. Ukizisoma unajua wapi palipikwa, wapi palitandikwa mkeka, wapi watu walipita bila kukaa.

BIBI: Kwa hiyo mnachungulia mpaka alipofagia mwenzangu?

MTAFITI: Alipofagia na alipoacha, Bibi. Tena, katikati ya mji ule pana uwanja mpana. Waliochora ramani zamani waliuona mtupu, macho yao yakiwa kwenye kuta za matumbawe. Vipimo vya sumaku na uchimbaji vimeonyesha kwamba kwenye maeneo yale ya wazi palikuwa na nyumba za miti na udongo, visima, makaburi na sehemu za kazi. Nyumba za mawe zenyewe zina ngazi pana zinazouelekea uwanja, ngazi za kukaa na kupokea wageni, ilhali vyumba vya ndani vimejificha nyuma ya vyumba vingine. Watu wa mji ule walijua sana nani anaishia barazani na nani anaruhusiwa kupita.

MWALIMU: Hapo kwenye nyumba za udongo nimekusubiri. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Aliusifu mji kwa uzuri, akamsifu sultani kwa ukarimu, kisha akaandika kwamba mji umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani. Maandishi yalishasema! Wachimbaji ndio waliochelewa kusoma, wakakaa miaka na miaka wakisafisha kuta za mawe.

MTAFITI: Hilo nakupa, Mwalimu. Lilikuwepo na hatukulitilia maanani.

Nami namuunga mkono Mwalimu kwa nguvu zote. Uzuri wa kuta za matumbawe umewapumbaza wengi, wachimbaji, serikali na watalii kwa pamoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Gedi mwaka 2024, na kila mgeni akifika hupigwa picha mbele ya matao. Lakini mji ni watu wake, na wengi wao walilala chini ya makuti. Nyumba ya udongo ikianguka hurudi kuwa udongo. Asiyejua kusoma mabadiliko ya rangi ya ardhi ataikata kwa jembe na asijue ameikata. Tumepoteza hivyo nyumba za maskini wangapi kwa kuzitafuta za matajiri?

BIBI: Mlisema mna habari za chakula.

MTAFITI: Zinatoka Pemba. Kaskazini mwa kisiwa pana miji miwili ya kale iliyo jirani, Tumbe na Chwaka. Tumbe ni ya zamani zaidi, karne ya 7 hadi ya 10. Chwaka ilifuata kuanzia karne ya 11. Sarah Walshaw alichambua mbegu zilizoungua motoni. Tumbe watu walikula zaidi uwele. Chwaka mchele ukashika nafasi ya kwanza. Na mchele si jambo dogo, unataka maji, unataka kupepetwa, unataka mikono.

BIBI: Wali ni chakula cha watu waliokusanyika. Siku ya kawaida mtu alikula alichonacho. Harusi, maulidi, hitima, hapo wali.

MTAFITI: Na Fleisher amejenga hoja inayokaribiana na hiyo kutokana na bakuli. Anaona kwamba bakuli pana, za kigeni na za kienyeji, zilikuwa vyombo vya karamu, na kwamba mwenye uwezo wa kulisha watu ndiye aliyejijengea jina. Ibn Battuta naye alipomtaja sultani wa Kilwa alimtaja kwa jina la sifa, Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Utawala wenyewe ulipitia kwenye sinia.

MWALIMU: Bakuli pana linaweza kuwekewa maembe. Na huyo Abu al-Mawahib umemtoa wapi, kama si kitabuni?

MTAFITI: Kitabuni. Sijasema tukichome.

MWALIMU: Basi nikuulize la mwisho, na hili ndilo linaloniuma. Hicho kingine ulichonacho ni nini?

Ni kigae kingine, kidogo kama shilingi ya zamani. Mtu alikivunja kutoka kwenye chungu kilichopasuka, akakisugua kando mpaka kikawa mviringo, akakitoboa katikati. Ni cha kusokotea uzi wa pamba: kijiti kilipitishwa kwenye tundu, uzito wa kigae ukakizungusha. Vya namna hii vimeokotwa vingi Kilwa.

MTAFITI: Tarikhi yako inasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Haisemi kwamba baadaye Kilwa yenyewe ilisokota. Kila kimoja cha vigae hivi ni saa nyingi za mtu aliyekaa chini akivuta uzi.

MWALIMU: Mtu gani? Mwanamke au mwanamume? Mwenye nyumba au mtumwa wake? Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Elfu moja, mwanangu, kila mwaka. Karatasi hiyo ipo. Nimeisoma nikakosa usingizi. Sasa nionyeshe wewe, katika vigae vyako vyote, hata mtumwa mmoja. Alipika kwenye chungu kilekile cha bibi yake, akafagia sakafu ileile, akasokota kwa kigae kilekile. Wewe unampata bwana mara mbili: kwa mali yake na kwa jasho la mwenzake.

MTAFITI: Siwezi kukuonyesha kwa yakini.

Sidhani kwamba pana pingamizi zito kuliko hili, na sitaki lipite upesi. Akiolojia inapojisifu kwamba inawarudishia sauti walionyimwa, ijibu kwanza swali la Mwalimu. Vitu vya kila siku vinaonyesha kazi. Ni mara chache vinaonyesha aliyelazimishwa kuifanya. Umbali wa kisima na nyumba, ukubwa wa chumba cha nyuma, uzito wa jiwe la kusagia: hivi vinatuambia mwili wa mtu ulichoka kiasi gani. Havituambii kama jioni angeweza kukataa. Mkataba wa 1776 unatuambia hilo, nao pia umeshindwa kutuambia jina la hata mmoja kati ya hao 1,000. Kwa hiyo mimi nauweka mkataba na kigae mezani pamoja, na ninamtaka mchimbaji ajue mkataba kabla hajashika jembe. Anayechimba Kilwa akizungumzia vyombo vya China bila kuwazungumzia watu waliouzwa, amechimba nusu.

BIBI: Na makaburi? Mnayafukua?

MTAFITI: Mara nyingine, Bibi, kwa ruhusa. Songo Mnara kwenye makaburi zimeokotwa sarafu za shaba za Kilwa, shanga, na vijiwe vyeupe. Vilikuwa juu, si ndani ya kaburi. Watu walikuja kuzuru wakaviacha.

BIBI: Sisi tunapeleka ubani na marashi. Shangazi yangu alikuwa akipanga vijiwe. Lakini kumtoa maiti alipolazwa, hapana.

MTAFITI: Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Songo Mnara. Kwa wengi wa watu wa Mtwapa na Manda, upande wa mama ni Afrika, na upande wa baba sehemu kubwa ni Uajemi, na kuchanganyika huko kulikuwa kumeshaanza mnamo mwaka 1000.

MWALIMU: Alhamdulillahi! Tarikhi haikusema uongo juu ya Washirazi.

MTAFITI: Haikusema uongo. Imewaacha mama zao tu.

BIBI: Hata hivyo mngeuliza kwanza. Mfupa una wenyewe.

Nakubaliana naye bila masharti. Sasa niwatoe kwenye magofu, maana akiolojia ya miji haiishii kwenye miji iliyokufa, na hapa ndipo mimi mwenyewe nina hasira.

MTAFITI: Mwaka 1973, kule Tucson, jimbo la Arizona, William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza kuchambua takataka za watu walio hai kwa mbinu zilezile tunazotumia kwenye majalala ya kale. Watu walipoulizwa wanakunywa bia kiasi gani, walitaja kiasi kidogo. Makopo yakaonyesha zaidi. Nyama ya ng'ombe ilipoadimika mwaka uleule, nyama iliyotupwa iliongezeka, kwa sababu watu walinunua nyingi kwa hofu wakashindwa kuitunza. Hakuna mzee ambaye angekusimulia hayo.

BIBI: Hayo ni kuvuliana nguo. Jalala langu ni sitara yangu.

MTAFITI: Majina hayakuandikwa, Bibi. Lakini nakuelewa. Kwa Dar es Salaam mimi naogopa kinyume chake, kwamba hatutachungulia kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Mlango wa kuchonga umepewa nafasi zaidi, unalindwa hata kama ni wa karne ya 20, alimradi uwe wa kabla ya 1940. Kigae cha chungu hakikutajwa kwa jina namna hiyo. Na Sultani Majid wa Unguja alianza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Karibu maisha yote ya mji ule yako nje ya tarehe.

Fikirini hapo. Kariakoo ilikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na nyuma uani, ambako wapangaji wa nyumba nzima walipika, walifua, waligombana na kupatana. Uani ndiko Dar es Salaam ilikoumbika, ambako Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mngazija walijifunza mapishi ya wenzao. Leo nyumba hizo zinabomolewa moja baada ya nyingine ili ghorofa zisimame. Tingatinga linachimba msingi, na ndani ya saa chache chupa za dawa, vyungu, vifungo, masufuria yaliyotoboka, mifupa ya samaki na shimo zima la choo la vizazi vitatu vinapakiwa kwenye lori na kumwagwa bondeni. Sheria inayouthamini mlango wa mbele na kuusahau uani imechagua watu wa kukumbukwa. Tarehe ile ya 1863 isogezwe, na kabla ya msingi kuchimbwa mchimbaji apewe nafasi uani, hata kama ni siku chache.

MWALIMU: Gharama alipe nani?

MTAFITI: Mjenzi. Uingereza, upande wa England, tangu mwaka 1990 mwongozo wa mipango miji umemtaka mwenye mradi agharimie uchunguzi wa ardhi anayotaka kuiharibu. London imejifunza mengi chini ya maofisi yake kwa njia hiyo.

MWALIMU: Mwenye kiwanja Kariakoo hatakusubiri. Atachimba usiku, na kibali atakitafuta asubuhi.

MTAFITI: Basi kibali cha kubomoa kisitoke mpaka tumeshaingia.

BIBI: Mkiingia msianzie ukumbini, hamtapata kitu, ukumbi ulifagiliwa kila siku. Anzieni nyuma ya jiko, karibu na ukuta wa choo.

MWALIMU: Mimi nasema waanze na watu. Waliopanga nyumba zile baadhi yao wangali hai, wako Mbagala, wako Gongo la Mboto. Andikeni kwanza majina yao, chumba gani kilikuwa cha nani, nani alipikia wapi. Mkishayaandika, ndipo mchimbe.

MTAFITI: Tukisubiri kuyaandika yote, Mwalimu, tutakuta ghorofa.

MWALIMU: Na mkichimba bila majina, mtakuta vigae.

MTAFITI: Twende nawe, basi. Wewe uandike, mimi nichimbe, wiki hiyohiyo.

MWALIMU: Na Bibi?

BIBI: Mimi nakaa pale vigae vinapooshwa. Na safari hii apike mwingine.